Umechaguliwa Kamati ya Chanzo cha Maji: Mwongozo Kamili wa Mjumbe wa Kujitolea Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Kamati ya chanzo cha maji huzaliwa kwa shangwe siku ya kupanda miti, diwani yupo, fulana zipo, na mara nyingi hufa kabla mche haujafika magotini. Hauiui ukosefu wa fedha peke yake. Kinachoiua zaidi ni kwamba hakuna anayejua mpaka wa chanzo unapita wapi hasa, na siku mpaka ulipovukwa hakuna aliyeandika. Mwongozo huu ni wa mjumbe aliyechaguliwa na wenzake, asiye na mshahara, mwenye shamba lake au mtumbwi wake wa kuangalia, anayetaka saa chache anazozitoa kila mwezi zionekane mtoni.

Jua kwanza umechaguliwa kwenye chombo gani

Vijiji vingi vya ziwani vina kamati nne zinazogusa maji, na watu wanaziita zote "kamati ya maji". Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Jumuiya ya Watumia Maji, ambayo ndiyo yenye kamati ya chanzo, iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Kazi yake ni chanzo chenyewe: mto, chemchemi, bwawa, na ardhi inayokilisha. Mlezi wake ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Mwanza. Chombo cha Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii ni kingine kabisa. Hicho kiko chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, kinalelewa na RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini), na kinashughulika na mabomba, vituo vya kuchotea na bei ya ndoo. Kwenye mwalo (mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia) kuna kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na serikali ya kijiji ina kamati yake ya mazingira.

Bomba likipasuka, si lako. Mtu akilima hadi kwenye ukingo wa mto, ni lako. Kokoro likivutwa kwenye mazalia ya samaki, mpigie mwenyekiti wa kikundi cha mwalo. Andika mgawanyo huo kwenye ukurasa mmoja, ukabandikwe ofisi ya mtendaji.

Jumuiya inaweza kusimamia na kugawa maji ya chanzo kinachotumiwa kwa pamoja, kusuluhisha migogoro ya watumiaji, kukusanya ada za matumizi ya maji kwa niaba ya Bodi, na kuwasemea wanachama wake. Haiwezi kukamata mtu, kung'oa mazao, kutaifisha pampu wala kupokea faini mkononi. Mjumbe anayepokea shilingi elfu kumi ya "faini" mtoni amejigeuza mshtakiwa, hata kama nia yake ilikuwa njema.

Wiki ya kwanza omba vitu sita: katiba ya jumuiya, cheti cha usajili, daftari la wanachama, kitabu cha mihutasari, taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili, na ramani ya dakio (eneo lote linalokusanya maji ya chanzo). Usishangae ukipewa viwili. Orodhesha visivyopatikana, uipeleke orodha hiyo kikao cha kwanza iwe ajenda.

Nani akae kwenye kamati, na mkutane lini

Wajumbe 9 hadi 11 wanatosha. Wakizidi hapo akidi haipatikani. Wakipungua, wagonjwa wawili na msiba mmoja vinafunga ofisi. Wagawanyeni kwa mto, si kwa ukoo: baadhi watoke juu, baadhi katikati, baadhi chini mto unapoingia ziwani. Anayelima mpunga chini huathirika na kila kinachofanyika juu, na wa juu hawaoni hasara yake mpaka akae nao meza moja. Wawepo wafugaji, wakulima wa bustani, wavuvi, na akina mama wasiopungua theluthi moja, kwa kuwa wao ndio wanaojua kisima kipi kimebadilika ladha na kipi sasa kinahitaji kamba ndefu zaidi.

Wachimba mchanga na wafyatua tofali nao wapewe nafasi. Jumuiya nyingi huwaweka nje kwa sababu ndio wanaolaumiwa, kisha zinashangaa doria inapokuta mashimo mapya kila wiki. Mjumbe mmoja mwenye heshima kwa vijana wa mchanga ana thamani kuliko mabango kumi.

Siku ya kikao ina hesabu yake. Epukeni siku ya gulio. Na kama kamati ina wavuvi wa dagaa, angalieni mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Kikao kikiwekwa wiki ya mwezi mpevu, watakuja. Kikiwekwa gizani, mtakaa miezi sita mkiwasengenya kwa utoro.

Saa mbili zinatosha. Kila agenda iishe na mambo matatu kwenye muhtasari: kimeamuliwa nini, nani atafanya, hadi tarehe gani. Muhtasari unaosema "wajumbe walijadili kwa kina" haumsaidii mtu.

Mstari wa mita 60

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa fukwe za ziwa, kingo za mto na mabwawa. Kila mtu ameisikia hiyo mita 60. Wachache wanaweza kukuonyesha inaishia wapi.

Swali la kwanza ni kupima kuanzia wapi. Ukipima kutoka maji yalipo mwezi wa Agosti, mstari wako utakuwa umesogea mtoni kupita kiasi. Tafuta alama za maji mengi ya kawaida: takataka na nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi ya vichaka, rangi ya tope kwenye mawe, mahali mafunjo yanapoachia nyasi za nchi kavu. Kwenye ufuko wa ziwa uwe mwangalifu zaidi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kukipita kina cha mwaka 1964 kilichokuwa rekodi kwa zaidi ya nusu karne, na vigingi vingi vilivyowekwa miaka ya maji machache vilijikuta ndani ya maji. Waulize wazee na wavuvi maji yalifika wapi mwaka huo. Eneo hilo liingie kwenye ramani hata kama leo ni uwanja wa mpira.

Vifaa ni futi ya kamba ya mita 50, kamba ya katani yenye fundo kila mita 10, mambo (vigingi) za kuchomeka, panga na simu yenye GPS. Ukitumia kamba ya nailoni, hurefuka ikivutwa, kwa hiyo ihakiki kwa futi kila asubuhi. GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5 au zaidi chini ya miti. Inafaa kuweka kumbukumbu, haifai kuamulia ugomvi wa mtu na mtaro wake wa nyanya.

Pima kwa usawa, usifuate mteremko. Vilima vya mawe vya Mwanza vinadanganya: kwenye mteremko wa nyuzi 20, mita 60 za ardhini ni mita 56 tu za usawa. Fanya kwa ngazi. Mmoja asimame kwenye alama ya chini, ainue mwanzo wa futi na kuning'iniza jiwe kwenye uzi hadi liguse alama hiyo, mwingine apande mita 5, avute futi iwe sawa, na pale mwisho wa futi unapogusa ardhi ndipo hatua inayofuata inaanzia. Hatua kumi na mbili, umemaliza. Mstari wa kupimia uwe unakatiza mto mraba, usiende mshazari. Alama ziwekwe kila mita 50, na kwenye kona za mto kila mita 20.

Kwa alama za kudumu, nguzo za zege za sentimeta 15 kwa 15, urefu mita 1, nusu yake ikiwa ardhini, zinavumilia. Mchanganyiko uwe saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, na nondo moja katikati. Mfuko wa kilo 50 hutoa nguzo sita. Kipande cha mita 500 pande zote mbili kinahitaji nguzo 22, yaani mifuko minne. Nguzo rasmi za kisheria huwekwa na wataalamu wa Bodi ya Bonde pamoja na mpima ardhi wa halmashauri, kwa hiyo waandikieni kabla ya kumwaga zege. Nyinyi mnaweza kuanza na mambo za miti na rangi huku mkiwasubiri. Wapo wanaopanda minyaa kama alama hai, na inafaa kwenye mstari wa nje, lakini isisogezwe majini: utomvu wake hupofusha macho ukiruka, na ni sumu ya samaki ijulikanayo tangu zamani.

Siku ya kupima, wenye mashamba wa pande zote wawepo, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili. Kila alama inaandikwa: namba, mahali, nani alikuwepo, saini au dole gumba. Karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza miaka mitano baadaye, wakati nusu ya waliokuwepo wamehama.

Aliyekutwa na mazao ndani ya mstari asing'olewe. Kubalianeni avune yaliyopo, asipande tena, na tarehe iandikwe. Mahindi yakikatwa yakiwa na mbelewele, kamati imepata adui wa maisha na imejiweka pabaya kisheria.

Doria isiyo na fimbo

Watu wawili, asubuhi, kila baada ya wiki mbili, daftari mkononi. Asiende mmoja peke yake. Viatu vya mpira ni lazima, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya kichocho, ambacho huingia mwilini kupitia ngozi iliyo majini kwa msaada wa konokono wa maji matulivu. Kwenye mafunjo kuna mamba na viboko. Tembeeni kwa kelele, na msiingie maji ya magotini kufuata ushahidi.

Daftari liwe na safu saba: tarehe na saa, alama iliyo karibu, kilichoonekana, ukubwa wake kwa hatua au mita, aliyekutwa, alichosema, hatua iliyokubaliwa. Piga picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha nguzo. Picha ya shimo tupu bila nguzo haithibitishi kitu.

Maneno ya kwanza huamua mengine yote:

"Shikamoo mzee. Pole na kazi."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumetumwa na jumuiya, tunapita kuangalia alama. Hii namba saba tuliipima na mwanao Novemba, unaikumbuka? Naona jembe limeshuka chini yake kama hatua kumi na tano."

Kisha nyamaza. Mara nyingi ataeleza mwenyewe: shamba la juu limeisha rutuba, amekodishiwa na mtu mwingine, hakujua. Kila jibu lina njia yake. Aliyekodishiwa si mkosaji wa kwanza, mtafute aliyekodisha. Maneno kama "unajua sheria inasemaje?" yaachieni mahakama.

Akirudia mara ya pili, barua ya jumuiya iende kwake na nakala kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Ya tatu inakwenda kwa mtendaji wa kata na Bodi ya Bonde, ikiambatana na kurasa za daftari. Sungusungu wana heshima kubwa Usukumani, lakini kuwaita kwa mgogoro wa mpaka wa shamba kabla hatua hizi hazijaisha ni kualika makosa yatakayokuja kuitwa ya kamati.

Pampu za kumwagilia zina swali lake: kibali cha kutumia maji kiko wapi? Anayechota ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali. Mwenye pampu ya bustani anahitaji, na hutolewa na Bodi. Jumuiya makini huwasaidia wenye pampu kumi kujaza fomu siku moja, badala ya kuwafukuza mmoja mmoja.

Mitaa ya jijini ina tatizo la aina nyingine. Mto Mirongo hauharibiwi na jembe, unaharibiwa na mifuko ya plastiki, maji ya gereji na vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha. Kwenye vilima vya mawe shimo refu halichimbiki, choo hujaa upesi, na mwenye nyumba husubiri mvua kubwa afungue tundu kuelekea mtaroni. Doria hapa ifanyike mvua inaponyesha au saa moja baada yake, kwa kufuata mtaro kwenda juu mpaka harufu na rangi vinapoanza. Kumbuka kwamba mwenye nyumba asiye na njia nyingine atatapisha tena. Ulizeni mamlaka ya maji kama mtaa wenu umo kwenye mtandao wa majitaka wa milimani, na kama haumo, lini gari la kunyonya linaweza kuja kwa nyumba nyingi kwa mpigo ili gharama ishuke.

Pimeni maji wenyewe

Vipimo vya maabara ni vya Bodi na mamlaka. Lakini vipimo viwili rahisi, vikifanywa mahali palepale kila mwezi kwa miaka miwili, huipa kamati sauti ambayo malalamiko hayana.

Cha kwanza ni wingi wa maji mtoni. Tafuta kipande kilichonyooka cha mita 10 kisicho na mawe makubwa. Pima upana, kisha kina sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo, upate wastani. Dondosha chungwa juu ya mwanzo wa kipande (chungwa huzama kidogo, upepo hauliyumbishi kama kipande cha boya) na hesabu sekunde hadi mwisho. Rudia mara tano, tupa jibu lililotofautiana sana. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, kisha zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga. Mto wa upana wa mita 2, kina cha wastani mita 0.3, chungwa likitumia sekunde 20: mwendo ni mita 0.5 kwa sekunde, na jibu ni mita za ujazo 0.24, yaani lita 240 kwa sekunde.

Cha pili ni uangavu wa maji ziwani, pale mto unapoingilia. Chukua mfuniko wa ndoo, ukate duara la sentimeta 20, ugawe robo nne, mbili zipake nyeupe na mbili nyeusi kwa kupishana. Toboa katikati, pitisha kamba yenye alama kila sentimeta 10, funga jiwe chini. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, upande wa mtumbwi wenye kivuli, shusha mpaka usipouona tena. Soma kamba. Shusha kidogo zaidi, kisha vuta juu taratibu hadi uuone, soma tena. Wastani wa hivyo viwili ndio kipimo. Apime mtu yuleyule kila mwezi, maana macho hutofautiana. Na jaketi la kujiokoa livaliwe hata kama ni mita hamsini kutoka ufukweni.

Kipimo hicho kikishuka baada ya mvua ya kwanza, huo ni udongo uliooshwa mashambani. Kikishuka kiangazi, huku maji yana rangi ya kijani, ni mwani unaolishwa na mbolea na majitaka. Dawa zao ni tofauti, ndiyo maana tarehe na rangi viandikwe pamoja na namba.

Kupanda, na kwa nini miche hufa

Mita 10 za kwanza kutoka majini msichimbe kabisa. Waacheni matete na mafunjo warudi wenyewe. Wanazuia tope kuliko mche wowote, na jembe hapo hulegeza ukingo. Miti ianzie nyuma yake. Mkuyu na mzambarau ni chaguo salama, na mianzi inafaa kwenye makorongo. Mkuyu una faida ya kuota kwa tawi: kata kijiti kinene cha mita moja na nusu mwanzo wa mvua, fukia theluthi yake. Mikaratusi isiingie ndani ya mstari, hata ikitolewa bure. Inakunywa maji mengi, na siku ikishakomaa kila mtu atadai aliipanda yeye.

Hesabu: ukanda wa mita 50 uliobaki, kwa urefu wa mita 500, ni hekta mbili na nusu. Kwa nafasi ya mita 5 kwa 5 ni miche 1,000 kwa upande mmoja. Otesheni 1,250. Viriba vijazwe udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo mbili, mchanga ndoo moja. Mashimo yawe sentimeta 45 upana na kina, udongo wa juu uwekwe pembeni tofauti na wa chini, kisha urudishwe wa juu kwanza. Kiriba kichanwe na kutolewa. Kila mwaka wapo wanaofukia mche na nailoni yake, mizizi ikajizungusha humo mpaka mti unadondoka.

Pandeni mvua zikishalowanisha udongo angalau sentimeta 30, kwa kawaida Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ili mche upate vuli na masika yote. Januari na Februari mvua hupungua. Hapo ndipo maji ya ndoo yanahitajika. Sherehe za kupanda zinazofanyika Aprili huacha mche na wiki chache tu za mvua kabla ya kiangazi kirefu. Mgeni rasmi akiweza Aprili tu, mpeni kazi ya kuzindua nguzo.

Hesabuni miche hai mara mbili: miezi mitatu baada ya kupanda, na Oktoba kabla ya mvua mpya. Iliyo hai ikiwa chini ya asilimia 70, msijazie kwanza, tafuteni sababu. Shina lililokatwa juu juu ni mbuzi au ng'ombe. Lililomenywa chini na kuanguka ni mchwa, ambao huvutwa na nyasi kavu zilizogusa shina; matandazo yaachie nafasi ya kiganja kuzunguka mche. Majani yaliyokauka yote kwa pamoja ni maji.

Ng'ombe ndiye muuaji mkubwa, na hazuiliki kwa bango. Anashuka mtoni kwa sababu ana kiu. Kundi la ng'ombe 200 linahitaji kama lita 8,000 kwa siku ya jua kali, kwa lita 40 kila mmoja. Jengeni mbauti (birika la kunyweshea mifugo) nje ya mstari, maji yaje kwa bomba la mtiririko au pampu, kila ng'ombe anayekunywa apate sentimeta 60 za ukingo, na pembeni kuwe na mawe ili pasiwe tope. Kama fedha ya mbauti bado, tengeni njia moja ya mifugo ya upana wa mita 10, iliyowekwa changarawe, na mfunge nyingine zote kwa miba. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa masika ili yatumike kiangazi. Mkifunga ukanda wa mto kwa utaratibu ambao wafugaji tayari wanauheshimu, hamtahitaji kuwaeleza mara mbili.

Gugumaji lingoje hadi mwisho wa orodha, isipokuwa limeziba mwalo. Mafungu yake huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi, na mbegu hulala tope kwa miaka. Livuteni kwa reki na kamba, lipandishwe juu ya usawa wa mawimbi, lirundikwe kuwa mboji. Likiachwa ukingoni, upepo wa usiku hulirudisha lote. Mafunjo, kwa upande mwingine, hayafukuzwi: yakikatwa kwa panga juu ya maji huchipua, yakichomwa udongo ukiwa mkavu, mizizi hufa na tope lote la mtoni linapata njia nyeupe kuingia ziwani.

Sheria ndogo

Kijijini utaratibu ni huu: halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili na kuikubali, kisha halmashauri ya wilaya inaipitisha. Bila hatua ya mwisho ni karatasi tu. Mtaa wa mjini hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Wilaya za Nyamagana na Ilemela, mjini Mwanza, mnatumia za jiji au za manispaa, kwa hiyo ombeni nakala msome kabla ya kuandika zenu.

Rasimu nzuri ina kurasa tatu. Itaje mto kwa jina, mwanzo na mwisho wa eneo, kilichokatazwa, kilichoruhusiwa (kuchota maji, mizinga ya nyuki, kukata mafunjo kwa zamu), na nani anapokea malipo. Faini zilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, risiti itoke. Kipengele cha "kilichoruhusiwa" ndicho kinachopitisha sheria mkutanoni. Mtu anayeona mto umefungwa kabisa hapigi kura.

Fedha, na mjumbe mwenye tanuri la tofali

Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, na wasitoke nyumba moja. Mhazini abaki na fedha ndogo za nauli na daftari tu, kiwango kiandikwe kwenye muhtasari. Kila miezi mitatu, mapato na matumizi yabandikwe mahali watu wanapongojea: kisimani, mwaloni, kwenye mashine ya kusaga. Posho za vikao ziamuliwe na mkutano mkuu, si na kamati yenyewe. Kurudishiwa nauli na vocha ya simu ni haki ya mtu anayejitolea. Kukataa kulipa hata hayo madogo ndiko kunakowabakiza wajumbe wenye uwezo pekee, na hao si lazima ndio wanaoujua mto.

Mapema au baadaye mtakuta mjumbe mmoja ana tanuri, pampu au eneo la mchanga ndani ya mstari. Asifukuzwe, ila atangaze, iandikwe, na atoke nje ya chumba agenda hiyo inapojadiliwa. Kama ni mwenyekiti, makamu aongoze. Mchanga ukichimbwa kwenye kitako cha mto, mto hushuka, kingo huporomoka, na visima vya kienyeji vya jirani hukauka kwa kuwa maji ya chini hufuata mto. Basi msimamo wa kamati kuhusu mchanga usiwe tofauti kwa lori la mjumbe na lori la mgeni.

Makabidhiano

Muda ukiisha, kabidhini kwa maandishi, mbele ya mtendaji: muhuri, katiba, cheti, kitabu cha mihutasari, daftari la doria, karatasi zenye saini za alama za mpaka, namba za vipimo vya maji, kitabu cha risiti na salio la benki la siku hiyo. Watia saini wabadilishwe benki ndani ya wiki mbili, la sivyo kamati mpya itakaa na fedha isiyoweza kuigusa. Kisha wajumbe wa zamani wawili watembee mstari wote pamoja na wapya, nguzo kwa nguzo, na iliyong'olewa irudishwe siku hiyohiyo.